Namna ya kuongea kikaoni mpaka katibu aandike

Kama unaishi Moshi au Arusha basi maisha yako ni vikao tu, kuna kikoba, kuna jumuiya ya kanisa, kuna kamati ya harusi, kuna kikao cha wazazi shuleni, mkutano wa kijiji, mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kama nyumbani mna kahawa, na Desemba watu wakipanda nyumbani kuna kikao cha ukoo. Na karibu kila kikao kina watu wale wale wanne watano ndo wanaongea, wengine wote wanaitikia kwa kichwa, halafu kikao kikiisha ndo unasikia hoja za maana, pale nje watu wanasubiri bodaboda mtu anakwambia "mi nilitaka kusema ile hela ya turubai haijakaa sawa". Sasa ndani ulikuwa wapi ndugu yangu?

Mimi nakaa Moshi na kwenye vikao vingi huwa napewa kalamu, nakuwa katibu, na ukikaa kwenye kiti cha katibu unaona kitu ambacho wengine hawakioni, unaona tofauti ya mtu aliyeongea na mtu aliyesikika. Watu wanadhani wanaosikika wamezaliwa na mdomo. Hapana aisee. Anayesikika ni yule ambaye akikaa chini mimi nimeshaandika mstari mmoja wenye jina lake, anachosema, na anachotaka kifanyike. Nimeona mama mpole kabisa sauti ya chini anaandikwa vizuri na kikao kijacho hoja yake inarudi mezani, na nimeona jamaa mwenye sauti kama spika ya mnadani anaongea mpaka jasho linamtoka nami nimeshika kalamu sijui niandike nini. Kwa hiyo nitakachokuelekeza hapa chini kinaweza kufanywa na mtu mwenye aibu, kwa sababu sehemu kubwa ni maandalizi.

Andaa sentensi moja

Siku moja kabla ya kikao chukua daftari uandike unachotaka kusema kwa sentensi moja, ndani yake kuwe na tatizo lenyewe, kuwe na kiasi au tarehe, na kuwe na ombi linalotaja nani afanye nini. Mfano: "Mwenyekiti, mfereji wa juu umeziba tangu mwezi wa saba, kitongoji chetu chote kinachota maji mtoni, naomba kamati ya mfereji ipande Jumamosi hii ikaangalie na ituletee majibu kikao kijacho." Hiyo naandika bila kukuuliza mara mbili. Linganisha na hii ninayoisikia kila mara, "kwa kweli mwenyekiti suala la maji ni changamoto, wananchi tunateseka, viongozi mtuangalie kwa jicho la huruma". Watu watapiga makofi, na mimi nitaandika "mjumbe alilalamikia maji", basi, imeishia hapo, hakuna mtu aliyepewa kazi.

Namba inakubeba kuliko sauti. Ukiwa na wasiwasi na hela ya kikoba usiseme hela hazieleweki, maana hapo umeshawasha moto, sema "faini za kuchelewa za mwezi wa tano na wa sita hazijasomwa, naomba mweka hazina atusomee leo". Hujamwita mtu mwizi, na hapo anayeulizwa atasoma au atasema hana, njia ya tatu hakuna. Na wewe mwenyewe unakuwa imara kwa sababu unachokisema kimo kwenye daftari lako. Wengi wanaotetemeka wakisimama wanatetemeka kwa sababu hawajui sentensi yao ya kwanza ni ipi, wanategemea itajipanga yenyewe ikifika mdomoni, na haijipangi.

Huku kwetu kuna mfano mkubwa wa hii kitu na vijana wengi hawaujui. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru karibu 3,000 kule Engare Nanyuki ili ardhi iende kwa walowezi. Mwaka uliofuata, 1952, Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na wakili Earle Seaton, akaeleza watu wake walivyofanyiwa. Fikiria mtu ametoka mtelemko wa Mlima Meru anawaongelesha wajumbe wa nchi za dunia nzima. Alikuwa jasiri ndio, lakini nyuma yake kulikuwa na watu waliokaa, wakachanga hela, wakakubaliana ni nani atasema na atasema nini, warudishiwe ardhi yao. Kura za kuwaunga mkono hazikufika theluthi mbili na ardhi hawakurudishiwa pale, ila habari yao ikaandikwa kwenye kumbukumbu za dunia na mpaka leo hakuna anayeweza kusema haikutokea. Mimi huwa nawaambia wenzangu hata kikao cha watu kumi kiandae hivyo hivyo.

Usisubiri mengineyo

Ajenda za vikao vyetu zote zinafanana, kufungua, mahudhurio, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, yaani kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, halafu ajenda zenyewe, halafu mengineyo, kufunga. Mtu mwenye aibu anajiambia ntaongea kwenye mengineyo. Usifanye hivyo kabisa. Mengineyo inafika watu wana njaa, kina mama wanawaza ng'ombe hajakatiwa majani, wa Arusha mjini wanawaza vifodi, zile daladala zao, vitapungua giza likiingia, mwenyekiti mwenyewe anasema "kwa ufupi jamani kwa ufupi", na hoja uliyoibeba wiki nzima inapewa nusu dakika. Kama jambo lako ni kubwa mpigie katibu siku mbili tatu kabla umwambie naomba hili liwe ajenda, ni haki yako na makatibu wengi tunafurahi maana inatupunguzia kazi ya kubahatisha. Kama lilishawahi kuongelewa basi mahali pake ni kwenye yatokanayo, hapo kila mtu bado ana akili na muhtasari uko mkononi.

Na toa sauti yako mapema, kwa kitu chochote kidogo. Jitolee kufungua kwa sala au dua, jitolee kusoma muhtasari, rekebisha jina lako lilivyoandikwa kwenye mahudhurio, uliza swali la tarehe. Ukikaa kimya saa nzima ukimya unakuwa mzito, unaanza kuona kama kila mtu amezoea kwamba wewe huongei, lakini ukishasikika mara moja kwa jambo dogo, mara ya pili mdomo unafunguka wenyewe. Hii ndo mbinu moja ambayo nikiambiwa nichague nampa mtu mwenye aibu sana, nampa hiyo.

Mazoezi sio lazima yafanyike kikaoni. Panda hiace ukae siti ya nyuma kabisa halafu sema "shusha Memorial" mwenyewe, usimwombe jirani akusemee, na konda akisahau chenji idai kwa sauti ya kawaida bila hasira. Sokoni Mbuyuni au Kilombero ukiuziwa nyanya na mbili zimeoza rudi ubadilishiwe. Kwenye jumuiya omba kusoma somo, maana pale maneno yameshaandikwa, wewe unafanyia mazoezi sauti tu na macho ya watu. Ni vitu vidogo, lakini sauti yako inazoea kutoka ukiwa unaangaliwa.

Moyo unapiga, miguu imelegea

Hiyo ni mwili unajiandaa kwa hatari, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, mate yanakauka, mikono inatetemeka. Haimaanishi kwamba hufai kuongea. Hata wazee waliozoea majukwaa inawapata, wao wameshajua tu kwamba ukianza kuongea inashuka. Cha kufanya kabla hujanyoosha mkono ni kutoa pumzi nje taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, mara tatu nne, hiyo inapunguza kasi ya moyo kweli, sio maneno. Shika daftari, usishike karatasi moja iliyolegea, karatasi inaonyesha kila mtetemeko na ukiiona inacheza unazidi kuogopa. Kunywa maji kidogo.

Halafu kuna jambo linalosaidia sana ukilijua. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich wa Marekani walichapisha utafiti mwaka 2003 kuhusu watu wanaotoa hotuba, wakaonyesha kwamba msemaji anadhani woga wake unaonekana sana kuliko unavyoonekana kweli kwa wasikilizaji, na waliokuwa wameelezwa hilo mapema wakaongea vizuri zaidi. Mimi nakaa mbele nikiangalia watu wakiongea na nakuhakikishia ni hivyo hivyo, mtu anakuja baadaye ananiambia "nilikuwa nakufa pale" na mimi sikuona kitu.

Ukishapewa nafasi simama, usianze kuongea huku unainuka. Simama kwanza. Jitambulishe taratibu, "mwenyekiti, wajumbe, habari za mchana, kwa majina naitwa fulani, natoka kitongoji fulani", na hapo ndo pa kutuliza sauti kwa sababu jina lako na kitongoji chako unavijua huwezi kukosea, watu wengi wanavikimbiza na kuvimeza, wewe vitembeze. Mwangalie mtu aliyekaa mbali kuliko wote uongee na yeye, chini ya turubai kukiwa na upepo au mvua inagonga bati la ukumbi, sauti inayomfikia wa mwisho inawafikia wote. Usianze na "samahani mimi sijui sana" wala "labda niko nje ya mada", hayo maneno yanamwambia mwenyekiti akukatishe. Sema sentensi yako. Mwisho sema "naomba iingie kwenye muhtasari", halafu kaa.

Kiswahili, Kingereza na lafudhi

Hili linaniuma kwa hiyo nitalisema kwa urefu. Watoto wetu wa shule za serikali wanasoma msingi kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza kila kitu Kingereza, na mtoto aliyekuwa ananyoosha mkono kila swali anakaa kimya miaka minne kwa sababu akikosea "is" na "are" darasa zima linacheka. Anatoka pale mtu mzima, anapata kazi Arusha kwenye utalii au shirika, kikao cha asubuhi kinaendeshwa kwa Kingereza, na kile kimya cha darasani kinarudi. Mtu anajua gari lipi lina breki mbovu, anajua mgeni yupi amelalamika, lakini hasemi.

Kama wewe ni huyo, omba ajenda mapema, andaa sentensi yako moja tu kwa Kingereza kifupi, isome kwa sauti nyumbani, ukiisema na wakataka maelezo zaidi sema wazi "naomba niendelee kwa Kiswahili ili nieleweke vizuri". Sema kichwa kikiwa juu, sio kwa kuomba radhi. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019 na UNESCO wamekitengea siku yake, 7 Julai, hakuna ofisi Arusha inayoweza kukuonea aibu kwa kukitumia. Na wewe unayeendesha kikao, ukiona mtu anatafuta neno mwambie sema kwa Kiswahili, hiyo sentensi moja inafungua midomo ya watu.

Lafudhi pia. Kuna watu wa Rombo na Kibosho wakifika mjini wanachekwa wanavyotamka, kuna vijana wa Kimasai na Kiarusha wanaigizwa mbele yao wenyewe, na wanaacha kuongea. Usibadilishe lafudhi yako kwa ajili ya kikao. Punguza kasi tu, na tamka vizuri majina na namba, hayo ndo yakikosewa hoja inapotea.

Mbele ya wazee

Kikao cha ukoo ni kigumu kuliko vyote, kwa sababu pale humwongeleshi mwenyekiti, unamwongelesha babu yako, baba mkubwa, shangazi, na umelelewa ukijua wakubwa wakiongea mdogo anasikiliza. Na mambo yanayoongelewa ni mazito, kihamba, yaani shamba la ukoo, mipaka, nani anamtunza bibi. Dawa yake sio kuingia na ukali wa mjini. Tafuta mkubwa mmoja kabla, shangazi au baba mdogo, mkae naye pembeni umweleze unachotaka kusema na kwa nini, msikilize na yeye, anaweza kukwambia neno gani litawaumiza wazee ulitoe. Kisha mwombe akufungulie njia. Siku yenyewe akisema tu "huyu binti ana neno, tumsikilize", umeshapewa kiti, hakuna atakayekuuliza umetoka wapi.

Ukisimama salimia, "wazee wangu shikamooni", shukuru kwa kile ambacho wameshafanya kama kipo kweli, halafu uliza badala ya kutangaza. "Naomba kuuliza, baba aliposema mpaka unapita kwenye mti wa mruka, je, tunaweza kuandika hilo leo na sisi watoto tukasaini?" Swali la hivyo lina heshima na lina meno. Na ongea mapema kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijakolea, jambo la ardhi likiongelewa jioni kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Dada zangu hapa nawaambia moja kwa moja, kukaa kimya kwenye ardhi kuna gharama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na wasiopungua watatu ni wanawake, kwa hiyo viti vipo na ni halali yenu, ila mjumbe anayekuja kusaini mahudhurio na kurudi nyumbani amemwacha mama mwenzie mjane bila wa kumsemea. Kama umechaguliwa, uliza swali moja kila kikao. Moja tu.

Wakikukatisha

Watakukatisha, zoea. Ukikatishwa usikae, ukikaa umekubali kwamba umemaliza. Baki umesimama, ngoja apumue, halafu sema "mwenyekiti naomba nimalizie sentensi yangu" na uirudie kuanzia mwanzo kwa sauti ile ile, usipandishe, ukipandisha watu wataanza kuongelea hasira yako na hoja itasahaulika. Mtu akirudia wazo lako kama lake na akapigiwa makofi, sema "naunga mkono, ndicho nilichosema hapo mwanzo, na naongezea hivi". Katibu mzuri ataandika majina yote mawili.

Bora zaidi mje wawili. Kubaliana na jirani yako mapema, wewe ukisema yeye ananyoosha mkono na kusema "naunga mkono hoja ya mama fulani", na yeye akiwa na la kwake wewe unafanya hivyo hivyo. Hoja iliyoungwa mkono lazima mwenyekiti aitolee uamuzi, hata uamuzi wa kuikataa, na hiyo ni hatua.

Kuna sehemu ambazo kuongea peke yako ni hatari kweli na sitakudanganya. Wagumu wanaobeba mizigo Mlima Kilimanjaro wanajua, kiwango cha hifadhi ni kilo 20 za mzigo wa kampuni na getini kuna mizani, lakini kijana akilalamika mzigo umezidi au tipu, ile bakshishi ya wageni, imegawanywa vibaya anaogopa sizoni ijayo hataitwa. Hapo nashauri msiseme mmoja mmoja, kaeni kabla ya kupanda, chagueni mtu mmoja aulize mbele ya wote mgao wa tipu utasomwaje na lini, kabla hata mgeni hajafika. Swali lililoulizwa Machame getini mnapoanzia kupanda ni rahisi kuliko ugomvi wa geti la Mweka siku ya kushuka. Na ukiwa na uzito unaozidi, dai kwenye mizani pale pale, namba ikiwa inaonekana mbele ya kila mtu.

Baada ya kikao

Hapa ndo wengi wanapoachia. Kabla hujaondoka nenda kwa katibu umwombe akusomee alivyoandika hoja yako, kama amepinda mrekebishe kwa upole. Ikishaingia kwenye muhtasari itarudi yenyewe kwenye yatokanayo, na hapo huhitaji ujasiri mpya, unauliza tu imefikia wapi.

Kwenye kijiji jua haki yako. Sheria ya serikali za mitaa kwa mamlaka za wilaya, ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18 na ndio mamlaka ya juu ya kijiji, na unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo ukisimama kuuliza mapato na matumizi hujaomba fadhila kwa mwenyekiti, yeye ndo anawajibika kwenu. Na halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, hilo liko kwenye ile sheria ya 1999, likumbuke siku utakaposikia mwekezaji ameshaonyeshwa eneo.

Wasipoitisha mkutano, au ukiongea na hoja isiandikwe, andika barua. Fupi, ile sentensi yako moja pamoja na tarehe ya kikao ulichoisemea, ipeleke kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa ukiwa na nakala mbili. Moja anabaki nayo, ya pili anakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo unaitunza. Akikwambia muhuri haupo leo mwambie utasubiri au utarudi kesho, na kesho urudi kweli. Wiki mbili zikipita kimya, toa kopi ya ile yenye muhuri, iambatanishe na barua nyingine kwa mtendaji wa kata, na umwambie jirani yako yule wa kuungana mkono aende na wewe.